Sura ya Tano: Kodi ya Lugambo

Tarehe 12 Machi 2018 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alimwandikia barua Waziri wake wa Fedha, Matia Kasaija. Serikali ilihitaji fedha, na Rais alikuwa ameshaona mahali pa kuzipata: kwa watu wanaoshinda kwenye Facebook, WhatsApp na Twitter. Barua iliandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, alipofika kwenye kiini cha hoja yake, Rais alikiacha Kiingereza akachukua neno la Kiganda, lugambo, kisha akalifafanua: maoni, chuki, matusi, mazungumzo ya marafiki. Hayo ndiyo yalipiwe. Masomo na utafiti viachwe.

Bunge lilikubali. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huohuo, aliyetaka kufungua mitandao hiyo kwenye simu yake alilipa kwanza shilingi 200 kwa siku, au 1,400 kwa wiki, au 6,000 kwa mwezi. Sheria yenyewe haikulitaja neno lugambo. Ilitumia jina la kitaalamu, over the top, na wananchi wakaifupisha kuwa OTT. Magazeti ya nje yaliiita kodi ya umbea.

Ninarudi mara kwa mara kwenye ile orodha ya mambo manne. Maoni, chuki, matusi, mazungumzo ya marafiki. Anayempa pole mwenzake aliyefiwa na anayemtukana jirani yake wametiwa kapu moja, kwa bei moja. Wengi waliikasirikia kodi kwa sababu ya zile shilingi 200, na kwa mchuuzi wa Jinja, mji wa mashariki mwa Uganda, anayepata faida ya elfu chache kwa siku hasira hiyo ilikuwa ya haki. Mimi kinachonikera zaidi ni lile kapu. Nani alisema maneno ya watu wa kawaida, wakiwa peke yao, hayana kazi?

Lugha zote zina majina ya maneno yasiyo na kazi. Sisi tuna porojo, soga, gumzo, domo, umbea, udaku, michapo. Kiingereza, lugha aliyoiandikia Rais na ambayo watoto wa Jinja na Mbale hufundishwa tangu wakiwa wadogo, kina ghala zima la majina kama hayo. Ukifuatilia asili yake utakutana na jambo moja likijirudia mno. Mengi ya majina hayo yalianza yakiwa na heshima, au angalau bila lawama: lilikuwa jina la undugu, la kikao, la pipa la maji. Uchungu uliingia baadaye, na aghalabu uliingizwa na mtu aliyekuwa nje ya kikao.

Chukua neno gossip, ambalo kila mwanafunzi wa Uganda analijua. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, lilikuwa godsibb, yaani Mungu na jamaa vikiunganishwa. Godsibb alikuwa mtu aliyesimamia ubatizo wa mtoto, akawa ndugu wa mtoto yule na wa wazazi wake kwa njia ya Mungu. Baadaye likawa jina la rafiki wa karibu. Kisha likawaangukia hasa wanawake waliokuwa wakiitwa nyumbani kwa mzazi siku ya uchungu, kumshika mkono, kupasha vinywaji moto na kumsaidia mkunga. Chumba kilifungwa, na wanaume walibaki nje.

Ndani ya chumba kile yalisemwa mambo mazito ya maisha: damu inatoka kiasi gani, mtoto amelala vipi, nani alifariki katika hali kama hii na kwa nini, mume yupi anapiga. Aliye nje alisikia sauti bila kusikia maneno. Katika karne ya 16 jina lile likaanza kumaanisha mtu mpayukaji, na mwanzoni mwa karne ya 19 likawa jina la maneno yenyewe, umbea. Nionavyo mimi, walioligeuza ni wale waliokuwa nje ya mlango.

Pwani yetu inaye mtu anayefanana na godsibb wa awali. Ni somo, mwanamke anayekabidhiwa mwari amfunde, na ambaye hubaki naye siku ya harusi na siku ya kujifungua. Hata marafiki wawili wa kawaida huweza kuitana somo. Anajua siri za nyumba nzima. Neno hilo halikuchafuka, na nadhani ni kwa sababu jamii iliendelea kumhitaji somo na kumlipa heshima yake hadharani.

Kule Uskoti na Uingereza mambo hayakuishia kwenye kuchafua neno. Kuanzia karne ya 16 kulikuwa na adhabu ya kumvalisha mwanamke anayesemwa kuwa na mdomo kofia ya chuma iliyofungwa kichwani kwa kufuli. Ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma kilichoingia mdomoni na kuukandamiza ulimi. Vingine vilikuwa na miiba. Akishavalishwa, alitembezwa mjini kwa kamba. Kofia hizo bado zipo kwenye makumbusho. Atakayezitazama ataelewa kwamba kuyaita maneno ya mtu upuuzi na kumnyamazisha kwa nguvu ni mambo yaliyokaa karibu sana.

Neno la pili lina habari inayotuhusu zaidi. Palaver ni palavra ya Wareno, yaani neno, kauli. Mabaharia wao walilitumia kwenye pwani ya Afrika Magharibi wakimaanisha kikao cha kujadiliana na wenyeji: bei ya dhahabu, ruhusa ya kutia nanga, fidia ya mtu aliyejeruhiwa. Waingereza walilichukua kwao katika karne ya 18. Muda si mrefu likawa na maana ya maneno mengi yasiyokwisha, kelele za bure. Kikao cha wazee chini ya mti, ambacho ndicho kilikuwa mahakama na bunge la mji, kiligeuzwa jina la upuuzi na mfanyabiashara aliyechoka kukisubiri kimalize.

Wareno hao hao walituachia neno jingine, meza. Kutoka Kiswahili liliingia katika Kiganda, na Kiganda kilipotaka kusema meza kubwa kilisema kimeeza. Mwaka 2000 kituo cha Radio One kilianza kurusha moja kwa moja mjadala kutoka baa ya Club Obligatto mjini Kampala. Watu walikaa kuizunguka meza wakiwa na vinywaji vyao, yeyote akaomba kipaza sauti, akaongea kuhusu rushwa, barabara, vita vya kaskazini, bei ya sukari. Mjadala huo ukaitwa Ekimeeza. Vituo vingine vilifuata, na redio ya Buganda, CBS, ikaupa wake jina la Kiswahili kabisa: Mambo Baado. Kwa miaka kadhaa Uganda ilikuwa na mabunge ya baa ambapo fundi wa baiskeli aliweza kumbana waziri.

Waliokuwa madarakani waliviona vikao hivyo kuwa makelele ya walevi. Septemba 2009 zikazuka ghasia Buganda baada ya msafara wa Kabaka, mfalme wa Buganda, kuelekea Kayunga kuzuiwa. Serikali ilizima CBS na kupiga marufuku mijadala yote ya namna hiyo. CBS ilirejea hewani mwaka uliofuata. Mijadala ile, yaani bimeeza, haikurejea.

Sitaki kupita haraka kwenye lile pipa la maji nililolitaja, maana hapo ndipo utakapoona jinsi maneno ya Kiingereza yanavyofanana na maisha ya Busoga, eneo la Jinja. Scuttlebutt, neno la mabaharia la uvumi, lilikuwa pipa la maji ya kunywa lililotobolewa ili kila mtu achote kikombe chake. Waliokutana pale walipashana habari: nahodha anatupeleka wapi, nani atapigwa mijeledi. Waaustralia wana furphy, nalo ni jina la ukoo. Familia ya Furphy wa mji wa Shepparton ilitengeneza matangi ya maji yenye magurudumu, na jina lao liliandikwa ubavuni. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, matangi hayo yalipelekwa kwenye kambi ya jeshi ya Broadmeadows, karibu na Melbourne. Waendeshaji walizunguka na maji na kubeba habari kutoka kikosi hadi kikosi, na askari wakawa wakisema habari fulani ni furphy.

Sasa nenda kwenye nayikonto yoyote ya mtaani Jinja alfajiri. Nayikonto ndiyo bomba la kisima kirefu, lile la kupampu kwa mkono. Madumu ya njano yamepangwa foleni, moja nyuma ya jingine, na wenyewe wamekaa pembeni. Mmoja anapampu kwa uzito wa mwili mzima, anayefuata anamshikia dumu, na dumu la lita 20 halijai upesi. Muda huo ndipo mtu anaposikia kwamba mwalimu fulani hajalipwa miezi, kwamba dawa ya malaria imekwisha zahanati, kwamba mtoto wa fulani hakurudi jana na kuna gari lilionekana. Mwanamke anayetoka pale na dumu kichwani anajua hali ya mtaa kuliko diwani wake.

Upande wa Mbale, na Teso, kikao kingine ni cha malwa, pombe ya ulezi. Chungu kinawekwa katikati, wanywaji wanakizunguka wakiwa na mirija mirefu ya kutosha kumfikia kila mmoja alipokaa, na maji ya moto yanaongezwa kila pombe inaposhuka. Mirija mingi ikiwa ndani ya chungu kimoja, mtu hawezi kuondoka na fungu lake akanywe peke yake, lazima akae. Wanaokaa hivyo saa tatu au nne huzungumza bei ya kahawa, kesi ya mpaka wa shamba, na mwaka wa tohara ya imbalu unapofika, nani ana uwezo wa kumgharimia kijana wake. Kwa mgeni anayepita, hao ni walevi wanaopiga domo.

Hata neno trivial, ambalo Kiingereza kinalitumia kwa jambo dogo lisilo na maana, limetoka kwenye neno la Kilatini la mahali njia tatu zinapokutana. Mambo ya njia panda, kwa msomi wa Roma, yalikuwa mambo ya watu ovyo. Leo kwenye njia panda za Uganda mashariki zipo steji za bodaboda. Usafiri huo ulizaliwa hapahapa, mpakani Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Madereva wa steji hujua nani amefika mjini na nani ameondoka, na kwa sababu hiyo polisi na wanasiasa, wanaoyadharau maneno yao mbele za watu, huwa wa kwanza kuwaendea kwa siri kutafuta habari.

Waganda wana jina lao la mtandao huu wote: Radio Katwe, kwa heshima ya kitongoji cha mafundi cha Kampala. Wakongomani waliiita redio ya kando ya barabara. Tanzania tunasema redio mbao. Mwaka 2006, kabla ya uchaguzi wa Februari, tovuti moja ilijiita Radio Katwe, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda ikaagiza ifungwe.

Na lugambo lenyewe? Mzizi wake ni kugamba, kusema. Msomaji wa Kiswahili analijua neno hilo bila kujua kwamba analijua, kwa kuwa limo ndani ya kuambia na kwamba. Kiswahili cha zamani kilikuwa na kitenzi kuamba, kusema, na kumwamba mtu kulikuwa kumsema vibaya, kumsengenya. Kwa hiyo lugha mbili ndugu zilipita njia ileile: kutoka kusema, hadi kusema mtu.

Hapa inafaa kusema kitu kuhusu Kiswahili nchini Uganda. Wengi kule wamekisikia kwanza kama lugha ya amri. Ilikuwa lugha ya jeshi la mkoloni, ikabaki ya jeshi na polisi baada ya uhuru. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikuipatia marafiki, na mwaka 2005 Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili. Mtu aliyekisikia Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani tu, akiambiwa atoe kitambulisho na akae chini, hawezi kukipenda.

Lakini Jinja ilikuwa na Kiswahili cha aina nyingine. Kiwanda cha sukari cha Madhvani kilianza Kakira mwaka 1930. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikafuata umeme wake, kikiwemo kile cha nguo cha Nytil. Wafanyakazi walitoka Busoga, Bugisu, Teso, West Nile na magharibi ya Kenya, wakapangiwa nyumba katika mtaa wa Walukuba. Mjaluo na Mlugbara wakikutana bombani hawana lugha nyingine ya kuulizana habari za mishahara na za wake. Pale Kiswahili kilikuwa lugha ya kupiga soga, na naamini kwa dhati kwamba lugha haimkai mtu moyoni mpaka aweze kuipigia soga. Amri haifundishi mtu lugha. Wanaopanga kukifundisha Kiswahili katika shule za Uganda, baada ya Baraza la Mawaziri kuamua mwaka 2022 kiwe cha lazima, wangepata faida kubwa wakianza na mazungumzo ya nayikonto badala ya salamu za gwaride.

Nalufenya iko pale unapoingia Jinja ukitoka Kampala, ukishavuka Mto Nile. Jina hilo lina mambo mawili yasiyolingana. Hospitali ya Rufaa ya Jinja ina wodi zake za watoto Nalufenya, na mama wengi wa Busoga wanalijua jina hilo kwa homa na dripu. Ila kwa nchi nzima, kwa miaka kadhaa, Nalufenya ilikuwa kituo cha polisi cha upelelezi maalumu, palipopelekwa watuhumiwa wa ugaidi na mauaji makubwa. Jamil Mukulu, kiongozi wa waasi wa ADF, alishikiliwa humo mwaka 2015 baada ya kurejeshwa kutoka Tanzania.

Jina likawa tishio. Watu walisema: atapelekwa Nalufenya. Yaliyotokea ndani yalisimuliwa kwa sauti ya chini, kwenye teksi na kwenye misiba, na kwa muda mrefu hayo yalikuwa lugambo kwa maana kamili ya neno: hakuna aliyeweza kuyathibitisha, na aliyeyasema alionekana mzushi au adui. Kisha tarehe 17 Machi 2017 afisa mkuu wa polisi Andrew Felix Kaweesi aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake Kampala, pamoja na mlinzi na dereva wake. Watuhumiwa wakakamatwa, wakapelekwa Nalufenya. Mei mwaka huo walipofikishwa mahakamani Nakawa, waliingia wakichechemea na kuonyesha majeraha yao mbele ya hakimu na waandishi wa habari. Siku zilezile nchi iliona picha za meya wa Kamwenge, naye aliyekuwa ameshikiliwa Nalufenya, akiwa hospitalini, magoti yakiwa na vidonda. Oktoba 2017 Mahakama Kuu iliamuru watuhumiwa 22 walipwe fidia ya shilingi milioni 80 kila mmoja kwa kuteswa.

Yale ya minong'ono ya teksi yalikuwa kweli. Tarehe 4 Machi 2018 Inspekta Jenerali wa Polisi, Kale Kayihura, aliondolewa. Siku nane baadaye iliandikwa barua ya kodi ya lugambo. Mwezi uliofuata, Aprili, mkuu mpya, Martin Okoth Ochola, aliifunga Nalufenya kama kituo cha upelelezi maalumu, ikarudi kuwa kituo cha kawaida. Sisemi matukio hayo yaliunganishwa na mtu. Nasema yalipishana kwa wiki chache, na mtu wa Jinja aliyeyaishi yote hawezi kusadiki kwamba maneno ya watu ni anasa inayofaa kutozwa ushuru kama bia.

Lazima pia nitende haki kwa upande wa pili, kwa kuwa uvumi huua. Katika enzi ya ukoloni watu wa Kampala na Nairobi waliamini kwamba wapo bazimamoto, watu wa magari wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Neno lilitoka kwenye Kiswahili, wazimamoto, wale wa kuzima nyumba zinazoungua. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo Uganda, Kenya na kwingineko, akayatolea kitabu mwaka 2000. Hakuna damu iliyonyonywa na zimamoto. White aliyachukulia masimulizi hayo kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala wenyewe: magari yasiyojulikana yanakwenda wapi, miili inayochukuliwa bila maelezo, kazi ya usiku isiyoulizwa. Mtu aliyeshtakiwa na kundi la watu kwamba ni wakala wa bazimamoto hakufarijiwa na tafsiri hiyo, na mimi simdharau. Hata leo mwanamke aliyezushiwa mtandaoni kwamba ana ugonjwa fulani anapoteza kazi na ndoa kabla ya kuuliza nani alianza.

Kwa madhara hayo zipo sheria za kashfa, na zilikuwepo kabla ya simu. Serikali ilitaka zaidi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 kilifanya kosa la jinai kumsumbua mtu tena na tena kwa mawasiliano ya kielektroniki yasiyo na kusudi halali, na adhabu yake ilifika kifungo cha mwaka mmoja. Rudia maneno hayo: mawasiliano yasiyo na kusudi halali. Porojo, kwa lugha ya mawakili. Aliyepewa kazi ya kuamua kama maneno yako yana kusudi alikuwa polisi kwanza, hakimu baadaye. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho.

Mahakama ya Juu ilikuwa imeshatoa mwanga miaka mingi kabla. Mwaka 1997 gazeti la Monitor lilichapisha habari kwamba Rais Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda kwa dhahabu, na wanahabari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Februari 2004, katika kesi ya kikatiba waliyoifungua wao, mahakama ilifuta kosa hilo katika vitabu vya sheria. Ilisema kwamba ulinzi wa Katiba juu ya uhuru wa kusema hauondoki kwa sababu mtu mwingine anayaona maneno yako kuwa ya uongo. Ningependa hukumu ile isomwe kwa Kiswahili na Kisoga katika kila steji.

Na kodi? Julai 2018 wananchi waliandamana Kampala, mbunge Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, akiwa mbele yao, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Wengine hawakuandamana, walipakua programu za VPN zinazoficha mahali simu ilipo, wakaendelea kuchati bila kulipa. Masikini zaidi waliacha tu. Katika mwaka wa kwanza wa fedha Mamlaka ya Mapato ilitarajia shilingi bilioni 284. Ilipata kama bilioni 49 na nusu.

Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, serikali iliifunga Facebook, na siku iliyofuata intaneti yote ikazimwa. Ndiyo miezi ambayo watu walisimuliana kuhusu magari aina ya HiAce, waliyoyapa jina la droni, yanayowazoa vijana mitaani. Hayo nayo yakaitwa uzushi. Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Jeje Odongo, alisoma bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa mikononi mwa jeshi.

Kodi ya kila siku ilifutwa tarehe 1 Julai 2021. Mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, ambao hauepukiki kwa VPN kwa sababu hukatwa wakati wa kununua bando. Sheria inasamehe data inayotumika kutoa huduma za matibabu na za elimu. Tangazo la msiba linalotumwa kutoka Walukuba kwenda kwa jamaa walioko Mbale halimo katika msamaha huo.